Betri Zilizokwisha kwa Salamu

Niliporudi kutoka masomoni Ulaya nilikuja na sanduku moja la nguo, jingine la transista, na kichwa kilichojaa jambo moja tu: namna ya kutengeneza amplifaya ya redio inayopeleka sauti mbali bila kumaliza betri. Miaka minne nilifundishwa hilo na watu wa makoti meupe, na nililielewa kweli, sikulikariri. Nchi ilikuwa inajenga vijiji vya ujamaa, vijiji vilihitaji redio za kuitana, redio zilikula betri, na betri zilikuwa hazionekani madukani. Nikajiona mtu muhimu sana. Siku niliyoteremka kwenye treni Morogoro nilitembea kama mtu anayesubiriwa na taifa zima.

Taifa lilinipa chumba nyuma ya bohari ya mkoa, katikati ya magunia ya mbolea na majembe yasiyo na mipini. Barua yangu ya ajira ilisema mimi ni mhandisi. Watu wote waliniita Ndugu Fundi, na wiki ya kwanza nililetewa pasi tano zilizoungua.

Kazi yenyewe ilikuwa redio koli. Asiyezijua, ni redio za kusema na kusikiliza kwa zamu: ukibana kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Ukiwa umebana, hata mwenzako apige mayowe upande wa pili, husikii kitu. Pale mjini tulikuwa na redio kubwa iliyotumia umeme wa ukutani. Huko nje kulikuwa na tatu ndogo za kubeba, moja Kisaki, moja Dakawa kwenye mpunga, na moja Mgeta, milimani, kwetu. Hizo tatu ziliendeshwa kwa betri nane za tochi. Tulipewa na nchi rafiki, ambayo ilizitengeneza kwa ajili ya jeshi lake, na jeshi lile lilikuwa na malori ya kubebea betri. Ya Mgeta ilikaa ndani ya tenga la karoti.

Sasa niseme kwa nini redio ya Mgeta ilininyima usingizi kuliko zile nyingine, maana si kwa uzalendo. Nilipokuwa bado Ulaya, mdogo wangu wa kike alishikwa na uchungu wakati wa masika, mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Muuguzi wa zahanati alikimbilia redio aite gari la hospitali, akakuta betri zimekwisha. Wakambeba kwa machela kwenye njia za matope mpaka barabarani, kutwa nzima. Mdogo wangu akapona. Mtoto hakupona. Nilisoma habari hizo kwenye barua, nikiwa katika maktaba yenye joto zuri, mbele yangu kitabu cha amplifaya. Nililia pale pale, na Mzungu mmoja akaniletea maji akidhani mtihani umenishinda.

Mkoa nao haukukaa kimya, uliunda kamati. Kamati ilikaa, ikapanda mlima, ikala kuku, ikashuka na kuandika kwamba betri zilikwisha mapema kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba wananchi wahamasishwe kuzitunza. Wananchi walihamasishwa. Wakaendelea kuzianika betri juani kila Jumamosi juu ya bati la zahanati, kama walivyokuwa wakifanya siku zote.

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini nilipopata barua ya pili. Mdogo wangu ana mimba tena, atajifungua masika. Muuguzi amesema huyu lazima azaliwe hospitali, mjini. Nikamwandikia ashuke mapema akae kwangu. Akajibu kwamba njegere zake hazina mtu wa kuzivuna. Mjomba wetu naye akaongeza chini ya barua hiyo, kwa mwandiko wake wa misheni, kwamba mtoto wa ukoo hazaliwi bohari. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo aliyekuwa tumboni mle alikuwa mtu wa mjomba zaidi hata ya baba yake mzazi. Tena mjomba ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Alipokataa, ukoo ulikataa na serikali ya kijiji ikakataa, kwa barua moja.

Ikabaki redio. Masika ikifika, redio ile iwe na betri, basi.

Nilipanda Mgeta kwenye lori la kabichi, na mita ya kupimia umeme nimeifunga kwenye sweta. Muuguzi alikuwa mama wa Kingoni kutoka Songea, mnene, mchapakazi, asiyependa baridi ya kwetu hata kidogo. Nilimkuta ameweka viganja vyote viwili mgongoni mwa redio.

"Redio hii nzuri, Ndugu Fundi," akaniambia. "Nikimaliza kusema na mjini, naota joto hapa mpaka damu itembee. Hata paka anaijua."

Paka alikuwa amelala juu yake.

Nilipima, na sikuhitaji kupima sana. Nguvu ya betri ikiingia kwenye amplifaya ina njia mbili tu. Ama inakwenda kwenye waya wa angani na kubeba sauti mpaka mjini, au inageuka joto. Katika ile redio, zaidi ya nusu ilikuwa inapasha mikono ya muuguzi na tumbo la paka. Ndani yake mlikuwa na transista moja kubwa, iliyokunywa umeme bila kupumzika wakati wote kitufe kimebanwa. Kisaki, kwenye joto, walikuwa wanaifunika ya kwao kwa kitambaa chenye maji. Hakuna aliyewahi kuuliza joto lile linatoka wapi. Mjomba alipofika aliweka mkono wake pale nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Unaona? Ina nguvu."

Nikashuka na mchoro tayari kichwani. Badala ya transista moja ningeweka mbili ndogo zinazopokezana, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: huyu akishusha mchi, yule ameinua wake, anapumua. Inayopumua hainywi umeme. Kwenye vitabu ni jambo la zamani, lakini mimi niliona uzuri wake upya, na nilirudi mjini juu ya magunia ya kabichi nikiimba.

Mchoro lazima upite kamati. Mwenyekiti wake alikuwa ofisa mipango wa mkoa, mtu aliyevaa suti ya mikono mifupi na kalamu nne mfukoni, ambaye sikuwahi kumwona akiandika kwa yoyote kati ya hizo. Aliutazama mchoro kwa muda, juu chini, kisha chini juu.

"Ndugu Fundi, mbona transista mbili tu?"

"Mbili zinatosha, Ndugu Mwenyekiti."

"Zinamtosha nani? Kijiji kina kaya mia tatu, wewe unawapelekea transista mbili!"

Nilieleza. Nilitaja wanawake na kinu. Mjumbe mmoja akasema kwao kinu kimoja hutwangwa na watatu. Mwingine akasema watatu si sawa, ziwe nne, ili upande mmoja usionekane kupendelewa. Ikapigwa kura, zikapita nne, katibu akaandika. Mimi nilikunja uso wiki nzima, halafu nikatengeneza redio ya transista mbili na kugandisha nyingine mbili kando yake kwa gundi, bila waya hata mmoja, ili wakaguzi wakifungua wazihesabu. Walifungua, wakahesabu, wakanipongeza. Kama redio ile bado ipo mahali, ndani yake mna transista mbili za kazi na mbili za kamati.

Mezani kwangu ilifanya vizuri kupita nilivyoota. Nilihesabu kwamba betri nane zitakaa mwezi mzima. Nikaipeleka Mgeta mwenyewe, nimeipakata ndani ya lori kama mtoto.

Muuguzi alisema na mjini, sauti ikafika safi. Kisha akaweka viganja vyake mgongoni, na nikaona uso wake unabadilika.

"Imepoa," akasema.

Mjomba naye akagusa. Akagusa na upande wa pili, akanitazama kwa huruma, kama anayetazama mtu aliyepoteza miaka minne Ulaya.

"Mwanangu, hii imekufa."

"Mjomba, si imesema sasa hivi? Si umemsikia karani wa mjini?"

"Imesema, ndiyo. Hata mgonjwa husema. Lakini nguvu haina. Iguse mwenyewe."

Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Mjomba alinisikiliza kwa adabu yote, akaagiza niletewe chai. Ile redio ya zamani akataka ibaki, ikae pale pale mezani, kwa ajili ya dharura. Nilimwachia ganda lake na kuondoka na vya ndani.

Siku ya kumi na mbili karani akaniambia Mgeta imenyamaza. Betri zimekwisha.

Sijui kama mtu mwingine anaweza kuelewa aibu ile. Siku kumi na mbili! Ile ya zamani, ya kupasha mikono, ilikaa kumi. Nilikaa juu ya gunia la mbolea nikarudia hesabu zangu zote, na zote zilikuwa sawa. Na Februari ilikuwa inakwisha, mawingu yameanza kukaa juu ya Uluguru mpaka saa nne asubuhi. Niliogopa. Sikuogopea kazi yangu, niliogopa kile kilima na ile machela.

Nikapanda tena, na betri mpya ambazo ofisa mipango aliziona kwangu na kuuliza kama nina ziada. Safari hii sikupima chochote. Nilikaa kwenye kona ya zahanati, kwenye benchi la wagonjwa, nikaangalia watu.

Saa mbili asubuhi ndipo Mgeta ilipozungumza na mjini. Karani wa mjini alikuwa mzee wa miwani, ambaye sauti yake ilizoeleka tangu enzi za posta. Muuguzi akasawazisha kitambaa kichwani, akabana kitufe, akainama kidogo mbele ya redio.

"Shikamoo mzee."

Na akabaki amekibana. Macho chini, mkono mmoja kifuani, anangoja. Alingoja kwa adabu, kitufe kimezama chini ya kidole chake, na mjini yule mzee bila shaka alikuwa ameshaitika, na kuitika kwake kusingeweza kusikika kamwe kwa sababu kitufe kilikuwa kimebanwa.

"Shikamoo mzee," akarudia, na akangoja tena. Mara ya tatu ndipo alipoachia, mzee akaingia katikati ya neno, akaitika, akauliza hali, akauliza wagonjwa, akauliza mvua. Kila swali lilijibiwa na kila jibu lilifuatwa na kimya kile cha heshima, kitufe chini. Kisha akaja mjomba, kusalimia kwa niaba ya kijiji. Habari yenyewe ilikuwa kwamba dawa ya minyoo imefika. Nilitazama saa yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Kati ya muda wote ambao redio ile ilirusha mawimbi angani, sehemu kubwa kabisa haikubeba sauti ya mtu yeyote. Ilibeba adabu.

"Mama," nikamwuliza muuguzi, "kwa nini huachii ukishasalimia?"

Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Nimwachie mtu mzima kabla hajaitika? Hiyo si kumpa mgongo?"

Hapo ndipo nilipotenda kosa la kijana msomi. Niliporudi mjini niliandika waraka, nikaupiga chapa mwenyewe, nakala kwa vituo vyote: ni marufuku kusalimiana kwenye redio, mtu aseme shida yake na kuachia kitufe. Nilidhani nimemaliza. Siku ya tatu niliitwa kwenye kamati.

"Hii ni kasumba," alisema ofisa mipango, akiushika waraka wangu kwa ncha za vidole. "Umekwenda Ulaya kwa jasho la wakulima, umerudi kuwakataza wakulima wasisalimiane."

"Ndugu Mwenyekiti, betri..."

"Betri zinatoka nje. Heshima ni yetu."

Wajumbe wakapiga makofi. Lakini waraka ukishatoka haufutwi, kwa hiyo waliamua ubaki, ila uanze na aya ya salamu. Ungedumu hivyo, hauheshimiwi na haufutwi, kama si mimi mwenyewe kuuzika. Asubuhi moja karani alikuwa ameenda kunywa chai na mimi nilikuwa nimekaa mahali pake, Mgeta ikaita.

"Nani hapo?" Ilikuwa sauti ya mjomba.

"Ni mimi, mjomba. Sema shida, ova."

Sauti ikarudi, polepole, kwa lafudhi yetu ya mlimani ambayo huifanya hata karipio lisikike kama sala.

"Mimi nani, asiye na salamu?"

Nilijaribu kukaza roho. Nililikumbuka jina langu kwenye ule waraka, na sahihi chini yake. Nikabana kitufe.

"Shikamoo mjomba."

Kisaki walikuwa wanasikiliza, na Dakawa pia. Nilisikia mtu wa Dakawa akicheka hewani mpaka akakohoa. Siku hiyo waraka ulikufa na kuzikwa, na aliyeuua ni mwandishi wake.

Nilikuwa na hasira mpaka jioni. Nilikuwa na hasira na mjomba, na muuguzi, na makofi ya wajumbe, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu ilinichukua siku nzima kuona jambo ambalo mtu yeyote asiyesoma angeliona. Amplifaya yangu ilikuwa nzuri kwa Mzungu. Mzungu anabana, anasema, anaachia, anaondoka. Mimi nilikuwa nimetengeneza chombo kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo Mgeta. Waliokuwepo walibana na kungoja, na kungoja kwao hakungekoma hata kwa amri ya mkoa. Basi ni amplifaya ndiyo ijifunze kungoja.

Redio zile zilirusha mawimbi kwa nguvu zote mara tu kitufe kilipobanwa, mtu aseme asiseme, kama mtu aliyefungulia koki ya maji ndipo aende kutafuta ndoo. Nilichotaka ni sauti yenyewe ishike koki. Mtu akinyamaza, amplifaya ibaki na mkondo mdogo tu wa kuiweka macho. Akisema, ijae. Akinyamaza tena, ijifunge taratibu, isikate mwisho wa neno. Hilo nalo lilikuwa vitabuni, kwenye sura niliyoiruka kwa sababu haikutoka kwenye mtihani. Nilivunja redio mbovu ya bohari kupata vipande, nikazungusha waya wa koili juu ya bomba la kalamu ya ofisa mipango, moja ya zile nne. Niliijaribu kwa namna ambayo hakuna mwalimu wangu ambaye angeielewa. Nilibana kitufe, nikasema shikamoo, nikainamisha kichwa na kungoja huku jicho moja liko kwenye mita. Sindano ilipanda na shikamoo, ikashuka karibu na sifuri, ikalala. Mtunza bohari alinikuta nasalimia ukuta kwa mara ya hamsini hivi, akaufunga mlango polepole.

Safari hii kamati sikuiambia idadi ya transista. Niliwaambia kwamba hii ni redio inayoheshimu mila. Ilipita bila kura, na ofisa mipango aliitaja kwenye hotuba mbili.

Niliipandisha Mgeta mwanzoni mwa masika, barabara ya Mlali tayari imeanza kumeguka. Mjomba aliigusa, akaguna. "Baridi kuliko ile," akasema, akaiacha. Mdogo wangu alikuja kunisalimia na tumbo lake, ameshika upande mmoja wa kiuno, akanicheka kwa kukonda. Nilimwomba tena ashuke na mimi. Akasema njegere zimebaki wiki mbili. Sikuweza kumwambia ninavyoogopa. Nilimwambia tu kwamba redio ni nzuri.

Betri zilifika siku ya kumi na mbili, zikapita. Ya kumi na tano, ya kumi na nane. Kila asubuhi saa mbili nilisimama nyuma ya kiti cha karani nikisikia salamu zao ndefu, na kwa mara ya kwanza zilinipendeza, maana kila kimya nilijua hakigharimu kitu. Sauti tu ndiyo ilianza kuchoka kidogo.

Siku ya ishirini na moja, saa saba mchana, nilikuwa natengeneza pasi ya ofisa mipango. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Redio ya chumba cha pili ikafunguka.

"Gari. Leteni gari sasa hivi. Mdogo wako."

Ilikuwa sauti ya mjomba. Hakuuliza nani hapo, hakunisalimu wala hakusubiri kusalimiwa. Tangu nizaliwe mtu yule hajawahi kunitamkia neno la kwanza ambalo si salamu, hata siku aliyonichapa. Wiki kadhaa nilikuwa nimezipiga vita salamu zake, na sasa nilipolikosa lile neno moja nikashika ukingo wa meza. Nilijua hali ikoje kabla hajaongeza lolote.

Gari la hospitali lilikuwa limeharibika. Gari pekee lililoweza kupanda njia ile katika matope lilikuwa la ofisa mipango, nalo lilikuwa mlangoni likiwaka, linampeleka kwenye semina ya kubana matumizi ya mafuta. Nilimkimbilia bila koti. Nilijiandaa kupiga magoti, na kama ingebidi, kukiri zile transista mbili za gundi. Sikumaliza sentensi ya kwanza. Aliteremka kwenye matope na viatu vyake vya semina, akamwambia dereva, "Nenda." Hakuitisha kikao. Nimemsema sana mtu yule katika kurasa hizi na nitaendelea kumsema, lakini hilo nalo liandikwe.

Daktari wa hospitali aliletwa chumba cha redio, maji yanamchuruzika. Kuanzia hapo mpaka karibu saa kumi na moja alimwelekeza muuguzi kwa sauti, amlaze vipi, aguse wapi, asifanye nini. Muuguzi mikono yake ilikuwa na kazi, kwa hiyo mjomba ndiye alimshikia kitufe. Na mjomba, mbele ya daktari, alikuwa mtu wa adabu zake. Muuguzi akishajibu, yeye aliendelea kubana, akingoja mkubwa aseme kwanza.

"Achia!" daktari alikuwa anapiga kelele kwenye redio, na Mgeta hawamsikii. "Mwambieni aachie!"

Mimi sikupiga kelele. Nilisimama pale nikihesabu kila kimya, na najua mita haikuwepo lakini niliiona sindano kichwani mwangu, inashuka, inalala. Ningekuwa nimewaachia ile redio yangu ya kwanza, ya mwezi mzima mezani, ingekuwa imekufa tangu siku ya kumi na mbili. Hii ilizidi kufifia, ikawa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi, lakini haikufa. Neno la mwisho kutoka Mgeta lilikuwa la muuguzi. Alisema gari limefika, wanampakia.

Alijifungua hospitali, kwa kisu, usiku uleule. Niliruhusiwa kumwona. Alikuwa amechoka kupita kiasi, akaniuliza nani atavuna njegere.

Asubuhi yake saa mbili nilikuwa kwenye kiti cha karani, na karani alinipisha. Huko Mgeta walikuwa wamezitoa betri, wamezianika mekoni usiku kucha kwa kuwa jua halikuwepo. Sauti ilikuja hafifu.

"Vipi?"

"Wazima wote wawili, mjomba. Mtoto wa kike."

Wa kike. Maana yake ukoo umepata mlango mwingine. Kukawa kimya, na kwa sababu amplifaya yangu haipeleki kimya, sikuweza kujua kama ameachia kitufe au bado amekibana, anafanya nini, uso wake ukoje. Ndiyo hasara pekee ya mchoro ule, na sikuwa nimeifikiria.

Mwishowe ikafunguka tena.

"Haya," akasema mjomba, sauti imekwaruza. "Jana hatukusalimiana."

Nikabana kitufe.

"Shikamoo mjomba."

Na nikabaki nimekibana, kichwa nimekiinamisha, nangoja. Nilingoja sana. Nadhani nilikuwa nalia, sikumbuki vizuri. Karani alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ndugu Fundi," akasema taratibu, "achia kitufe. Mzee wa watu ataitikaje?"